Siku Nne Mfukoni mwa Balozi

Mjini Akropong, kule juu mlimani Akuapem, watu walimwita Balozi, naye hakuwa balozi hata siku moja. Alikuwa wa pili. Miaka thelathini na sita Sakyi Obuobi alikalia kiti cha pili, na mabalozi wenyewe wakaja na kuondoka mbele ya macho yake: huyu shemeji wa waziri, yule jenerali aliyetakiwa akae mbali na nchi kidogo, mwingine tajiri wa mbao asiyejua hata bendera ya nchi aliyopelekwa ina rangi gani. Obuobi aliwapokea wote uwanja wa ndege, akawabebea mikoba, akawaonyesha nani asalimiwe kwanza na nani asikalishwe karibu na nani. Walipoanza kuijua kazi, waliondolewa. Akaja mwingine, naye akaanza upya.

Kazi yenyewe aliipata kwa neno moja. Sisi watu wa mlimani tunachekwa nchi nzima kwa adabu yetu. Kila tunalosema tunalitangulizia mepaakyɛw, yaani nakuvulia kofia, tafadhali, niwie radhi, yote kwa pamoja. Hata tukitukana. "Mepaakyɛw, wewe ni mjinga," ndivyo anavyotukana mtu wa Akuapem, na mwenzake humjibu, "Mepaakyɛw, ujinga nimeuokota kwenu." Basi siku ya usaili kule Accra, mwaka wa sabini na tatu, mzee mmoja wa wizarani alimwuliza, "Kijana, ukitaka kumwambia mkubwa wa nchi nyingine kwamba anasema uongo, utamwambiaje?"

Obuobi akajibu, "Nitamwambia, mepaakyɛw, mheshimiwa, huenda masikio yangu ndiyo yamekosea."

Wazee wakacheka mpaka wakafuta miwani. Akaandikwa siku hiyohiyo.

Akaenda. Lagos, Sofia, Adis Ababa, Abijani, na kwingineko. Mara nane alifunga nyumba na kufungua nyumba. Ukimwuliza ameona nini huko duniani, hakuwa na mengi ya kukueleza. Aliona vyumba vya kungojea. Aliona mazulia. Aliandika barua nyingi kuliko nywele za kichwa chake, na ufundi wa barua zile ulikuwa kujaza ukurasa mzima bila mtu kupata pa kukushika. Katika barua za Obuobi hakuna aliyetenda jambo. Mambo yalitokea yenyewe. Imebainika. Imeonekana vyema. Yaliyojiri yanasikitisha. Jioni alirudi mashavu yanamuuma kwa kutabasamu, akavua viatu, akakaa akitazama soksi zake, wala usingeweza kujua kama anafikiri au amechoka tu.

Mkewe, Darkoa, alikuwa mwalimu wa darasa la tatu alipoolewa, na mwalimu mzuri. Akaacha chaki akamfuata. Huko nje mke wa mtu wa ubalozi haruhusiwi kufundisha, basi akajifunza kushona. Kila baada ya miaka minne mumewe aliingia jikoni, akasimama mlangoni akasema, "Mepaakyɛw, mama Ofei, tunahama," naye Darkoa akazima jiko. Alijua kuuliza bei ya vitunguu kwa lugha sita. Mumewe alijua kuomba radhi kwa lugha tatu.

Alipostaafu walirudi Akropong na masanduku arobaini na moja, nao walikuwa wawili tu. Mwana wao Ofei alikwisha kuhamia Toronto, dada yake yuko Kumasi na mume na mambo yake. Masanduku yakakaa sebuleni miezi. Obuobi hakuwa na nguvu ya kuyafungua, wala hakujua nguvu zimekwenda wapi. Darkoa akayafungua moja moja, msimu ule wa vumbi la kaskazini, midomo ya kila mtu imepasuka.

Siku moja akatoa koti la Sofia. Koti zito la sufu, mtu wa mlimani hana pa kulivaa. Akaona alifumue, kitambaa ashonee mito ya viti. Obuobi alikuwa barazani. Alisikia wembe ukienda kwenye mshono, kri, kri, kri, kisha ukanyamaza.

Darkoa akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mfuko wa koti ulikuwa na tundu, na karatasi ilizama ikakaa ndani ya bitana miaka ishirini na miwili.

"Baba Ofei, hii telegramu ni ya tarehe ngapi?"

"Mepaakyɛw, mke wangu..."

"Sikuuliza kofia. Nimeuliza tarehe."

"Tarehe tatu Machi."

"Na mimi uliniambia tarehe ngapi?"

Obuobi akatazama barabarani. Tarehe aliijua. Ilikuwa saba.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa themanini na nane, wakiwa Sofia, mama yake Darkoa alifariki kwao Aburi tarehe mbili. Telegramu ikafika ubalozini kesho yake, mkononi mwa Obuobi. Tarehe sita ni sikukuu yetu ya uhuru, na balozi wa wakati ule alikuwa mpya, hana mke. Mwenyeji wa hafla alikuwa Darkoa, mpishi Darkoa, wageni mia tatu. Obuobi akaisoma telegramu amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Siku nne. Darkoa akapika wali wa jollof masufuria saba, akavaa kitenge chake cheupe na buluu, cha furaha, akacheka na wageni, akacheza muziki wa hailaifu. Alicheza na mumewe. Asubuhi ya tarehe saba Obuobi akaingia jikoni na koti lake mwilini, akasema habari imefika.

Ndege ilikuwa moja kwa juma. Ya Ijumaa ya kwanza ilikwisha kuondoka. Darkoa akapanda ya Ijumaa iliyofuata, akalala njiani siku mbili, akafika Aburi Jumapili. Mama alizikwa Jumamosi. Aliwakuta wanaosha masufuria.

Yeye ndiye binti mkubwa. Kumchagulia mama nguo ya mwisho ni kazi yake, kuchagua rangi ya jeneza ni kazi yake. Kaka yake, Dankwa, akamwambia mbele ya watu wote, "Sisi telegramu tumeipeleka siku ya pili tu. Ulikuwa unanunua viatu?" Darkoa akaapa kwamba imemfikia tarehe saba. Nani atamwamini? Tangu siku ile, kwao alikuwa yule binti aliyechagua sherehe. Wakikutana kwa jambo la ukoo hupewa kiti cha mlangoni. Na Obuobi akawa anamwona pale mlangoni, mwaka baada ya mwaka, naye anakunywa maji yake.

Siku ile ya koti, Darkoa alikunja vitenge sita, akatia karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo, akasimama mbele ya mumewe. "Mepaakyɛw, naenda kwetu," akasema. Kwa adabu kabisa. Obuobi angependelea kofi.

Kule Aburi alikaa chumba cha marehemu mama yake, na ile karatasi hakumwonyesha mtu. Alitaka itoke kinywani mwa aliyeificha.

Obuobi aliandika barua mbili. Zote zilirudi, zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Aliandika, "Imebainika kwamba taarifa ilichelewa kukufikia." Chini ya *ilichelewa* palikuwa na mistari miwili na maneno: *Ilipita wapi? Iliugua?* Aliandika, "Yaliyotokea yanasikitisha." Pembeni: *Nani aliyatokeza?* Mwisho wa ukurasa: *Mbili juu ya kumi. Rudia.*

Akazisoma tena na tena barazani. Hakuna mkubwa wa wizara aliyewahi kumsahihisha vizuri vile.

Mwezi wa nne ulipoisha, dada yake, Anobea, akamjia na bakuli la kokonte, ugali wa muhogo, akaliweka mezani kwa kishindo.

"Kaka, mepaakyɛw, utaoza hapa. Mtu akitaka mke wake anapeleka watu na chupa. Haandiki."

"Nimechoka kupeleka ujumbe, Anobea. Maisha yangu yote ni ujumbe."

"Huu hutaubeba wewe. Utabebewa. Nenda kwa Mjomba."

Mjomba Agyiri, mdogo wake mama yao, alikuwa na miaka themanini na mmoja na bado alitengeneza majeneza mkabala na kituo cha mafuta. Obuobi alimkuta anapiga randa. Akamweleza yote, kwa mara ya kwanza kumweleza mtu, kisha akatoa karatasi mbili zilizopigwa chapa. "Nimekuandalia maneno, Mjomba. Ili usisumbuke."

Mzee akasoma, midomo inatembea. Akageuza. Akatazama nyuma kama kuna kingine.

"Mepaakyɛw, mpwa wangu, ndani ya hii nani amekosa?"

"Ni namna ya kulainisha, Mjomba."

"Kulainisha ninakujua. Ndiyo kazi yangu." Akazifikicha zile karatasi akafutia gundi. "Lile jeneza la mkweo nilichonga mimi. Nilingoja siku tatu nzima binti mkubwa aje aniambie rangi. Hakuja. Nikapaka kahawia, kwa kubahatisha. Kumbe rangi ulikuwa nayo wewe, mfukoni."

Obuobi akakaa juu ya rundo la mbao. Mzee akaendelea na randa.

"Jumamosi," akasema baadaye. "Chupa mbili za shnapsi, ile ya kijani, si ile ya bei nafuu. Na wewe huko utafunga mdomo."

Jumamosi asubuhi wakateremka Aburi watatu: Mjomba, Anobea na Obuobi, amevaa kitambaa cha kujitanda na kofia ya majani kwa ajili ya jua. Wenyeji walikuwa wamekaa ukumbini, Dankwa katikati, karani mstaafu wa kakao, mtu wa kifua kikubwa na maneno ya kupima. Darkoa alikuwa kwenye kiti cha mlangoni. Hakutazama juu. Wageni wakapita wakishika mikono kuanzia kulia, wakakaa, wakaletewa maji. Mtu akishakunywa maji ndipo anaulizwa kilichomleta, hata kama mtaa mzima unakijua.

"Huku kwetu ni salama," akasema Dankwa. "Nyinyi ndio mlio safarini. Mna ujumbe gani?"

"Mepaakyɛw, hatukuja kwa ubaya," akasema Mjomba Agyiri. "Mtoto wetu ana kisima, na ndoo imerudi kwenu. Tumekuja kuifuata."

Watu wakacheka kidogo. "Ndoo haitembei yenyewe," akasema shangazi mmoja. "Iligongwa."

"Iligongwa, mama. Ndiyo maana tumebeba chupa."

"Ndoo hii tunaijua," akasema Dankwa. "Huenda popote ipendapo na kurudi ipendapo. Hata mazishi haiwahi. Basi semeni, safari hii kosa ni la nani?"

Darkoa alikuwa akikunja ncha ya kitenge chake, anakunja, anakunjua. Obuobi alimwona. Alikuwa amekaa vyumba vingi vya namna ile, mikono magotini, anangojea mwingine aseme, na kila mara alijua sentensi itakayofuata. Safari hii hakuijua.

Mjomba akamgeukia. "Kosa ni la mtoto wetu. Lakini nimeona nisimsemee."

Minong'ono ikazuka. Si desturi. Mwenye kosa hasemi, husemewa. Ndiyo heshima ya pande zote mbili. Dankwa akainua mkono. "Agyiri, mzee wangu, tangu lini?"

"Tangu leo. Miaka thelathini na sita kawasemea watu. Leo ajisemee mwenyewe. Mkiona vibaya nitozeni faini mimi, nitawachongea kiti."

Dankwa akatazama dada yake pale mlangoni. Darkoa akaitikia kwa kichwa, kidogo tu.

Obuobi akasimama. Magoti yakalia. Akakohoa kama alivyokohoa mbele ya mawaziri, akaanza, "Mepaakyɛw, wazee wangu, mepaakyɛw, mke wangu mpendwa, kufuatia mambo ambayo kwa bahati mbaya..."

"Hapana," akasema Darkoa kutoka mlangoni. Sauti ya darasa la tatu. "Toa kofia. Halafu sema."

Watu walidhani ni hii ya majani, na kwa kweli alikuwa ameisahau kichwani. Akaivua. Lakini yeye alijua ni kofia ipi. Akafungua mdomo, na lile neno likaja lenyewe mbele ya ulimi, akalirudisha. Likaja tena. Ukitaka kujua ugumu wake, uzaliwe mlimani. Anobea akainamisha uso.

"Telegramu ilinifikia tarehe tatu," akasema. "Niliisoma. Nilijua mama amekufa. Nikaificha siku nne kwa sababu ya hafla. Darkoa hakujua. Alipika, akacheka, akacheza, hakujua. Mimi nilijua, nikacheza naye."

Kuku wa uani wakasikika.

"Nani alikutuma?" akauliza Dankwa.

"Hakuna aliyenituma. Balozi hakuwa na habari. Nilitaka hafla ifane. Ilifana. Nikaandikiwa barua ya pongezi, ninayo mpaka leo." Akawatazama wenyeji. "Mlimweka mlangoni miaka ishirini na miwili. Niliona. Sikusema."

Akakaa. Alihisi amechoka uchovu mwingine, kama wa mtu aliyetua tenga akagundua shingo bado imeinama.

Darkoa akafungua kitabu cha nyimbo, akatoa karatasi, akaipitisha. Ikaenda mkono kwa mkono mpaka kwa Dankwa. Akaisoma tarehe, akaisoma tena, akavua miwani. Yule shangazi akainuka pale karibu na meza ya chupa, akaburuta kiti chake kando.

"Darkoa," akasema, "njoo ukae hapa."

Akaja akakaa. Hakulia. Dankwa alitaka kusema neno, akaanza, "Dada yangu, mepaakyɛw..." kisha akaona haya. Akaliacha hilo kwa siku nyingine, akafuata desturi. "Umesikia. Chupa hizi tuzipokee?"

Mke huulizwa mara tatu. Mara ya kwanza Darkoa hakujibu. Mara ya pili akasema, "Moja mmwagieni mama. Mmwambie tarehe ya kweli."

Wakatoka uani, Mjomba Agyiri akamwaga kidogo kidogo ardhini, akamtaja marehemu kwa majina yake yote. Akamwambia binti yake hakuchelewa, alicheleweshwa, na aliyemchelewesha yupo hapa, mwangalie. Mwisho akaongeza kwamba ile rangi ya kahawia alibahatisha, asamehewe.

"Ilikuwa rangi yake," akasema Darkoa nyuma yake. "Angeipenda."

Mzee akatazama chini, akapangusa pua kwa kiganja.

Waliporudi ndani Dankwa akauliza mara ya tatu. Darkoa akamtazama mumewe, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Pokeeni," akasema. "Lakini Akropong sirudi. Nimehama mara nane kwa ajili ya mtu huyu. Ya tisa ahame yeye."

Anobea akashika kichwa. "Wifi! Mwanamume akae kwa wakwe? Akropong watatuimba!"

"Waimbe. Yeye si amezoea kukaa nchi za watu?"

Wenyeji wakaangua kicheko, na Mjomba Agyiri akacheka kuliko wote, anapiga goti. "Balozi," akasema, "umepewa kituo!"

Obuobi aliligeuza jambo hilo akilini kama alivyogeuza kila jambo, akitafuta lile jibu linalosema ndiyo bila kusema ndiyo. Hakulitafuta kwa muda mrefu.

"Nitahama," akasema.

Akropong kweli waliimba. Walisema Balozi ameolewa. Yeye alichukua sanduku moja, arobaini akamwachia Anobea. Ile barua ya pongezi Mjomba aliiomba, akaitumia kujaribia rangi. Jumanne ya pili Obuobi akashuka Aburi asubuhi, akakuta Darkoa uani na watoto watano wa jirani wanasoma kwa kuimba, amewaandikia herufi kwenye ubao wa mlango mbovu. Mtu akamletea maji. Akanywa. Darkoa akasogea, chaki mkononi.

"Una ujumbe gani?"

"Sina ujumbe. Nimekuja kukaa."

Akamtazama kama anayesahihisha. Kisha akamwonyesha chumba kwa ile chaki, si chumba chake; cha nyuma, karibu na banda la kuku.

"Utaanzia kile. Tutaona."

Obuobi akaingia, akaweka sanduku chini, akavua viatu. Huko nje watoto walikuwa wamefika herufi ya M. Akajinyoosha kitandani na nguo zake, kofia tumboni, akawa anawasikiliza.